Mwanzi wa Sebuleni Usiwe Zalio la Mbu



Miongoni mwa mapambo yaliyoenea katika sebule zetu ni vile vijiti vya kijani vinavyosimamishwa ndani ya chombo cha kioo chenye maji na kokoto, vingine vikiwa vimesokotwa mithili ya nywele na kufungwa utepe mwekundu. Wauzaji huviita mwanzi wa bahati, nasi juma hili twapenda kuueleza mmea huu, uzuri wake na hatari yake.

Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, huo si mwanzi. Ni mmea wa jamii moja na masale, wenye asili ya misitu ya Kameruni na majirani zake. Wachina ndio walioufanya pambo la nyumba, wakaipa idadi ya vijiti maana zake. Hata vinne huepukwa, kwa kuwa neno lao la nne lakaribiana kwa sauti na neno la mauti. Pili, hauna bahati ya kumpa mtu. Kuupenda kwa ukijani wake hakuna ubaya, na kumtunukia bi harusi ni zawadi njema. Lakini itikadi ya kwamba kijiti huvuta riziki na tuiache dukani. Heri na shari zatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Utunzaji wake ni mwepesi. Mmea huu hupenda mwanga usio wa jua kali. Dirishani penye jua la mchana majani hubabuka, na ndani ya kidaka chenye giza hufifia. Maji yafunike mizizi tu, kiasi cha sentimita 3 hadi 5. Yakizidi, shina huoza. Shina likigeuka manjano na kulainika, liondolewe upesi lisiharibu mengine. Sehemu ya juu ikiwa bado ya kijani, ikatwe kwa kisu kikali na kutiwa katika maji safi, nayo baada ya majuma kadhaa hutoa mizizi mipya.

Wengi hulalamika kwamba ncha za majani hukauka na kuwa rangi ya kahawia. Sababu kubwa huku kwetu ni maji. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi, na mmea huu hauivumilii. Kuyachemsha hakusaidii, kwani mvuke huondoka na chumvi hubaki. Yafaayo zaidi ni maji ya mvua. Ya mfereji yaliyotiwa dawa yaachwe wazi usiku mmoja kabla ya kutumiwa.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Mbu mwenye madoadoa meupe, aenezaye homa ya dengi na chikungunya, hapendi madimbwi machafu. Hupenda maji matulivu yaliyomo ndani ya nyumba zetu, katika mapipa, mitungi na vyombo vya maua. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Wazee wa Lamu hawajasahau mwaka 2004, chikungunya ilipoingia kisiwani wakati wa ukame na kuwaangusha wakaazi wengi. Mombasa nayo imepatwa na dengi mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2013 na 2021.

Wala si dhana tupu kwamba mwanzi huu hubeba mbu. Mwaka 2001, katika shehena za mmea huu zilizotoka China zikiwa ndani ya maji, mbu wa jamii hiyo waligunduliwa huko California, Marekani.

Mbu huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa yanaporowa. Kwa hivyo kumwaga maji na kutia mengine hakutoshi. Kwa kuwa yai huchukua takriban siku 7 hadi 10 kufikia kuwa mbu arukaye, twashauri kila nyumba iteue siku moja ya juma, isiyobadilika, na kufanya haya:

Toa vijiti, uioshe mizizi taratibu. Sugua chombo ndani kwa brashi, hasa pale maji yalipokomea. Sugua kokoto na kuzisuuza. Kisha tia maji mapya. Yale ya zamani yasimwagwe mtaroni. Yamwagwe juu ya udongo mkavu, chini ya mrehani au mwasumini, ili viluwiluwi vife na maji yasipotee bure. Ambaye hana nafasi ya kazi hiyo na aupande mmea wake katika udongo. Huko pia hustawi, mradi kisahani cha chini kisituamishe maji.

Siku hiyo hiyo tuyakague mapipa na mitungi, tuhakikishe yamefunikwa barabara. Haifai kuosha bilauri ya maua tukaliacha wazi pipa la bafuni.

La mwisho, mmea huu ni sumu kwa paka akiutafuna. Humtapisha na kumdhoofisha. Uwekwe pasipofikiwa naye, wala na watoto wadogo.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na maradhi.