Trekta Kuukuu Likigoma Kuwaka

Katika milima ya Giheke, wilayani Rusizi, trekta kuukuu likigoma kuwaka, dereva asiharakie kulaumu stata. Kwanza na avute breki, aweke gia huru na kuzuia magurudumu kwa mawe. Kisha awashe taa na kuzungusha ufunguo. Taa zikififia sana, huenda betri imeishiwa nguvu, au vichwa vyake na waya wa ethi vimelegea na kushika kutu. Avifungue, avisugue na kuvikaza. Taa zisipofifia na stata ikanyamaza, aikague swichi na waya mwembamba uendao kwenye stata. Kamwe asiamshe stata kwa bisibisi akiwa amesimama chini: gia ikiwa imeingia, trekta litamkanyaga. Shamba laweza kungoja. Watoto hawapati baba mwingine.