Kuacha Kampuni na Kuingia Kazi ya Leta

Katika mikutano yetu, kuanzia Likasi mjini hadi Mwadingusha kwenye maporomoko ya Lufira, swali moja hurudi mara kwa mara: je, ni busara kwa mwenye ajira katika kampuni ya watu binafsi kuiacha na kuingia kazi ya Leta? Wanaouliza si wavivu. Ni mafundi umeme, madereva na makarani wa kampuni ndogo zinazohudumia migodi, ambao mkataba wao hukatika mara mgodi unapopunguza kazi. Nyumbani wazazi huwaambia kwamba Leta haifukuzi mtu.

Neno hilo la wazazi tulipime kwa historia yetu wenyewe. Mwaka 1967 dola ilichukua mali ya Union Minière, ikazaliwa kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines. Watu wa Likasi walipata kwake mshahara, nyumba, shule na matibabu, wakaamini kwamba mambo hayo hayana mwisho. Ikafuata miezi mingi bila mshahara, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Ni kweli kwamba kampuni ya dola si sawa na idara ya dola, na sheria zake ni nyingine. Lakini anayetafuta usalama tu asidhani kwamba jina la Leta peke yake litamlinda.

Wana wa Mwadingusha wanayo mbele ya macho yao ishara nyingine. Kituo cha umeme kilijengwa enzi ya Union Minière, kikaanza kazi mwaka 1930 kwa maji ya ziwa Tshangalele. Baadaye kikawa mali ya SNEL, kampuni ya umeme ya dola. Mitambo ilipochakaa, ukarabati ulifanyika kwa fedha za wachimbaji wa shaba wa Kamoa, na mwaka 2021 mashine zake sita zilikuwa zimerudi kazini, zenye uwezo wa megawati 78 hivi. Maji ni yale yale. Fundi anayekaza nati pale anafanya kazi ile ile, awe amelipwa na nani. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kazi ya dola ni wito na kazi ya kampuni ni tamaa ya fedha. Mtu anaweza kumtumikia jirani yake kotekote.

Tofauti ipo mahali pengine, nayo ni muhuri. Mwenye duka akikukatalia, unakwenda duka la pili. Karani wa hati za kuzaliwa akikukatalia, hakuna dirisha la pili. Mtumishi wa dola hupewa mamlaka juu ya mtu asiyeweza kumkwepa, na ndiyo maana matabishi huumiza zaidi yakitoka mkononi mwa maskini kwenda kwa mwenye muhuri.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui aliijua vizuri hali hiyo. Alikuwa mwanasheria kijana wa Goma, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani, na mtumishi wa OCC, ofisi ya dola inayokagua bidhaa. Alipokataa fedha ili asiruhusu vyakula vilivyoharibika kuwafikia walaji, alitekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatajia vijana habari zake mjini Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma. Tukumbuke kwamba waliookolewa na saini aliyoikataa hawakumjua. Walinunua chakula sokoni kama siku zote.

Si kila karani atafikishwa kwenye kifo, na tusiwatishe vijana kwa mfano huo. Jaribu la kila siku ni dogo na linachosha: mshahara hautoshi, mtoto anaugua, na mtu amesimama dirishani akiwa na noti mkononi. Yohane Mbatizaji, watoza ushuru walipomwendea mtoni, hakuwaamuru waache ofisi zao. Aliwataka wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari nao aliwataka waridhike na mshahara wao.

Hapo ndipo uamuzi wetu unaposimama. Kijana akae na mwenzi wake wa ndoa, au na wazazi anaowatunza, wahesabu pamoja kama nyumba itaishi kwa mshahara ulioandikwa, bila kuongeza hata franga moja ya dirishani. Ikiwezekana, aende, na tutamsindikiza kwa furaha, kwa maana ofisi zetu zinahitaji watu wa namna hiyo. Isipowezekana, abaki kwenye kampuni, afanye kazi safi, adai michango yake ya CNSS ilipwe, wala asijione amepungukiwa na uzalendo. Na yule ambaye katika hesabu zake matabishi yamekwisha kuingia, huyo tunamwambia waziwazi asiende.

Tena asikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Walimu wa shule zetu wanaoitwa NU wanajua maana ya kupangiwa darasa bila kuingizwa katika orodha ya malipo. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2019, hata mchango wa wazazi uliowategemeza wengine haupo tena. Anayeitiwa kazi ya Leta awatafute walioingia ofisi hiyo kabla yake, awaulize namba zao za utumishi zilitoka lini, na walikaa miezi mingapi kati ya barua ya kupangiwa kazi na mshahara wa kwanza.