Moshi: Wanaolala Mjini na Wanaoishi kwa Mji

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 taifa letu lilihesabu watu wake, na Manispaa ya Moshi ikaonekana kuwa na wakazi 221,733. Miaka kumi nyuma, katika Sensa ya 2012, walikuwa 184,292. Nyongeza hiyo ni kama watu 20 kwa kila 100. Katika muda huo huo Watanzania wote waliongezeka kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, yaani nyongeza ya watu 37 kwa kila 100. Kwa mtu atazamaye tarakimu peke yake, Moshi ni mji uliochoka. Sisi tunasema kuwa hesabu ni sahihi, lakini hukumu hiyo haikubaliki. Na kwa kuwa mipango ya umma hujengwa juu ya hesabu za namna hii, hatuna budi kulieleza jambo hili kwa kituo.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Moshi ya asili haikuwa pale ilipo leo. Moshi ilikuwa juu mlimani, katika himaya ya Mangi Rindi, na baada yake mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Huko ndiko wakoloni hao walikoweka boma lao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika chini ya mlima mwaka 1911, serikali ya kikoloni iliifuata reli, na jina la Moshi likateremka pamoja nayo. Wenye jina wakabaki juu, na kata zao zaitwa Old Moshi mpaka leo. Basi mji huu ulianzishwa kwa haja ya stesheni, na mwenyeji wa mlimani aliufanya kuwa mahali pa kwenda na kurudi. Kwake palibaki kihambani, penye migomba, kahawa na makaburi ya wazee.

Waliolala mjini tangu mwanzo walikuwa wengi wao ni wageni: watu wa pwani, Wapare, wafanyabiashara wa Kihindi, mafundi na makarani wa reli. Lakini waliouendesha mji kwa jasho lao walikuwa wakulima wa mlimani. Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kiliweka makao yake mjini, hali wanachama wake walikuwa Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu na Rombo. Kahawa ililimwa juu, ikakobolewa na kuuzwa chini, na fedha yake ikajenga shule juu na maghorofa chini. Hayo yalikuwa maisha mamoja yenye makazi mawili.

Katika Sensa ya 1957 mji ulikuwa na watu wasiofika 14,000. Mwaka 1967 walikuwa 27,000 hivi, na mwaka 1978 wakafika 52,000 hivi, karibu maradufu katika miaka 11. Hapana shaka huo ulikuwa wakati wa neema. Chuo cha Ushirika kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1963, hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na viwanda vya umma vilitoa ajira. Mwaka 1988 idadi ilikaribia 97,000. Baadaye mambo mawili yalipunguza kasi. Mkataba wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Tena katika miaka ya 1990 viwanda vingi vilidhoofika au kufungwa. Vijana wa mlimani, ambao vihamba vya baba zao vilikwisha kuwa vidogo kupita kiasi, walipita Moshi bila kutua, wakaenda Arusha na Dar es Salaam.

Mara nyingi mji wetu hulinganishwa na Arusha, na ulinganifu huo una mafunzo. Mwaka 1967 Arusha ilikuwa na watu 32,000 hivi, yaani miji hii miwili ilikuwa karibu sawa. Mwaka 2022 Arusha ilikuwa na 617,631. Ni kweli kwamba Arusha ilipata makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mikutano na utalii. Lakini Manispaa ya Moshi nayo imefungwa ndani ya kilomita za mraba zipatazo 59, ambamo kila kilomita moja ina watu zaidi ya 3,700. Nyumba mpya hujengwa ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Moshi Vijijini, na mwenye nyumba hiyo huhesabiwa kuwa mtu wa kijijini, hata kama duka lake liko Mbuyuni na watoto wake husoma mjini.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sensa huhesabu wanaolala. Haimwoni mama ashukaye alfajiri kutoka Uru na mkungu wa ndizi, wala mgonjwa aliyetoka mikoa ya jirani kutafuta tiba KCMC. Aidha, sensa ile ilifanyika Agosti, wakati kila mtu wa Kilimanjaro ajua kwamba mji hufurika Desemba, wana wa mlimani warejeapo kutoka kila pembe ya nchi. Soko, choo cha umma, stendi na jalala vikipimwa kwa idadi ya wanaolala, vitaelemewa na wanaoishi kwa mji.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kupanua mipaka ili Moshi ipate hadhi ya jiji. Hatulipingi wazo hilo, ila twaonya kwamba mpaka wa mji ni kadhia ya ardhi kabla ya kuwa kadhia ya heshima. Ardhi ya kijiji ikiingizwa mjini, kijiji hugeuka mtaa, na halmashauri yake hupoteza mamlaka iliyopewa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mashamba ya mahindi ya tambarare, ambayo familia za mlimani hutegemea kwa chakula, hugeuka viwanja. Mwenye fedha hununua, mwenye jembe huondoka. Tukipata jiji kwa njia hiyo, tutakuwa tumewaondolea wakulima shamba lao la akiba kwa ajili ya jina.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, manispaa na halmashauri ya wilaya zikae meza moja na kupanga kwa pamoja masoko, barabara, maji na taka, bila kungoja mpaka ubadilike. Pili, watu waingiao mjini kila siku wahesabiwe, Agosti na Desemba, ili mipango ifuate ukweli. Tatu, kabla ya mstari wowote kuchorwa, mikutano mikuu ya vijiji husika ielezwe wazi ni mashamba gani yatabaki mashamba.

Jina la Moshi lilikwisha teremshwa mlimani mara moja bila wenyewe kuulizwa. Mji unapotaka kukua tena, waulizwe.