Maswali ya Vijana: Kung'oa Viungo katika Bodi ya Simu



Kijana mmoja wa Iringa, mwenye kibanda cha kutengeneza simu, ametuletea maswali mawili. La kwanza: alipokea simu ya mtu ili ambadilishie tundu la chaji, tundu lilipong'oka liliondoka pamoja na njia za shaba zilizo chini yake, na simu haikufaa tena. Je, yampasa alipe? La pili: mama yake amemkataza kuifanya kazi hiyo juu ya meza ya chakula, naye aona kuwa anaonewa. Swali la kwanza halijibiki mpaka tujue kazi yenyewe inavyofanywa, kwani hapo ndipo patakapobainika kama pana kosa.

Katika redio za zamani kila kiungo kilikuwa na miguu iliyopenya tundu za bodi, ikalehemiwa upande wa pili. Katika simu za leo viungo vilivyo vingi vimelazwa juu ya uso wa bodi tu, na kila kimoja kimeshikwa kwa lehemu juu ya vipande vidogo vya shaba. Vingine urefu wake ni milimita 1 na upana nusu yake. Ukipiga chafya vimepotea. Vipande hivyo vya shaba navyo vimegandishwa juu ya bodi kwa gundi yake, na gundi hiyo hulegea kwa moto. Basi mwenye kuvuta kiungo hali lehemu haijayeyuka pande zote, huvuta na shaba.

Na lehemu yayeyuka lini? Ile ya zamani, bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye digrii 183. Walakini Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vyombo vingi vya umeme tangu Julai 2006, na viwanda vingi vya dunia vikafuata. Lehemu ya simu za leo kwa kawaida ni bati lenye fedha na shaba kidogo, nayo haiyeyuki mpaka ifike kama digrii 217. Fundi aliyejifunza kwa redio, akitumia moto ule ule aliouzoea, lehemu humkaidi, naye huongeza nguvu za mkono badala ya kuongeza moto na subira.

Betri itolewe kwanza, pasina udhuru wowote. Betri ya lithiamu ikipata moto yaweza kulipuka, na kibanda cha mbao hakingoji. Kisha viungo vya jirani, khasa vya plastiki, vifunikwe kwa mkanda usioungua, na mahali pa kazi papakwe mafuta ya kulehemia yaitwayo fluksi. Kisha bodi nzima ipashwe pole pole, ipite digrii 100, kabla ya kuelekeza moto mahali pamoja. Mtu wa Pwani huenda akalipuuza jambo hili, sisi hatuwezi. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya bodi huwa baridi kama jiwe la mtoni, na ukiichoma ghafla hupinda, na viungo vya kauri hupasuka. Simu iliyoingia maji nayo ikaushwe muda mrefu kwa moto mdogo, maana maji yaliyojificha ndani ya chipu hugeuka mvuke na kuipasua.

Mashine ya upepo wa moto, ambayo mafundi huiita blowa, izungushwe wala isisimame mahali pamoja. Namba iliyo katika mashine, iwe 350 au nyingineyo, ni moto wa mdomo wa mashine, si moto wa bodi. Alama ya kweli ni lehemu yenyewe: hung'aa, na kiungo kikiguswa kidogo kwa ncha ya kibano huteleza, kisha hurudi mahali pake chenyewe. Kikirudi, kinyanyue wima. Kisiporudi, ondoa mkono ungoje.

Tundu la chaji ni gumu kuliko viungo vingi, kwa sababu chuma chake hunywa moto, na mara nyingi miguu yake minene imepenya bodi. Hapo hufaa kuongeza lehemu ya zamani ichanganyike na iliyopo, ili iyeyuke mapema. Iko pia lehemu ya bismuthi na bati, iyeyukayo kwenye digrii 138. Hiyo ni nzuri kwa kuondolea tu, na isafishwe yote kabla ya kutia kiungo kipya, maana ikichanganyika na risasi yaweza kuyeyuka hata chini ya digrii 100. Mwishoni bodi iachwe ipoe yenyewe. Na petroli au tina visikaribie blowa iliyo moto.

Turudi kwa deni. Wanavyuoni wa Kishafi, kwa kauli yao yenye nguvu, wamemfanya fundi kuwa ni mtu aliyewekewa amana: halipi kilichoharibika mkononi mwake illa akipita mpaka au akizembea. Wa Kimaliki ni wakali zaidi juu ya mafundi. Basi ikiwa kijana wetu aliingoja lehemu, na bodi ilikwisha kuharibiwa na fundi aliyemtangulia (jambo la kawaida mno), hana deni. Ikiwa alivuta kwa koleo kwa kuwa mteja amesimama mlangoni akihimiza, huo ni uzembe, na yampasa alipe thamani ya simu kama ilivyokuwa siku ile, yaani simu isiyochaji, wala si simu mpya ya dukani. Lakini kabla ya hapo amwonyeshe fundi aliye hodari kuliko yeye, kwani njia ya shaba iliyokatika mara nyingi huungwa kwa waya mwembamba. Wallahu aalam.

Ama juu ya meza, haki iko kwa mama. Waya wa lehemu ulioandikwa 60/40 una risasi 40 kwa mia. Risasi hiyo haiingii mwilini sana kwa moshi. Huingia kwa vidole, kwa andazi linaloliwa kazini, na kwa vitone na vumbi vinavyobakia mezani. Shirika la Afya Duniani limesema hakijulikani kiasi cha risasi kisicho na madhara, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, khasa akili zao. Moshi nao una ubaya wake. Fluksi nyingi zina ulimbo wa misonobari, miti ya jamii ile ile iliyojaa Sao Hill huko Mufindi, na moshi wake huleta pumu kwa wanaouvuta kila siku. Baridi ya Juni huwafanya vijana wafunge mlango na dirisha, moshi ukabaki nao ndani. Afanyie kazi kibandani, dirisha wazi, sweta mwilini; anawe kwa sabuni kabla ya kula, na shati lake la kazi lisifuliwe pamoja na nguo za wadogo zake.