Vijinyoo vya Rubona visiuzwe kama sumu ya chupa

Tangu viwavijeshi vamizi waingie Afrika mwaka 2016 na kufika Rwanda mwaka 2017, mkulima wa mahindi amekuwa mteja wa kudumu wa sumu ya chupa. Anayeumia zaidi ni yule aliyerudi kutoka Tanzania akagawiwa kipande kidogo cha ardhi kule Kirehe. Mahindi hayo yakiliwa, hana shamba la pili.

Sasa ipo njia nyingine, nayo imetoka katika udongo wa Rwanda wenyewe. Mwaka 2014 watafiti walipima udongo wa sehemu mbalimbali wakakuta vijinyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyoua wadudu. Kituo cha kuvizalisha kiko Rubona, wilayani Huye. Kijinyoo huingia kwa kiwavi kupitia mdomoni au kwenye matundu ya kupumulia, kikaachia bakteria wake, na kiwavi hufa kwa siku mbili hivi. Binadamu na ng'ombe hawadhuriki. (Tusivichanganye na minyoo fundo inayoharibu mizizi ya nyanya. Hao ni ukoo mmoja, tabia mbali.)

Adui yake ni jua na ukavu. Ndiyo maana watafiti wa Rwanda na Uswisi walivichanganya na jeli na kuvitia katikati ya majani machanga ya mhindi, pale kiwavi anapojificha. Majaribio ya shambani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, yalionyesha kuwa jeli hiyo ilifanya kazi sawa na dawa ya kawaida ya kiwandani.

Hapo ndipo tunapowageukia ndugu zetu wafanyabiashara wa Rusumo. Tumezoea kuona dawa zikimiminwa kwenye chupa za soda, bila lebo, zikavushwa kwa baiskeli. Mzigo huu una uhai. Ukishinda juani utakuwa umeuza maji matupu, na mkulima wa Ngara ataapa kuwa vijinyoo ni utapeli. Tena kiumbe hai hakivuki kienyeji: upande wa Tanzania mwenye kauli ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Lakini kibali kinachomlazimu mama mwenye kikapu kusafiri hadi mji mkuu ni sawa na kumfukuza. Tunazitaka serikali zote mbili zitoe kibali hicho palepale Rusumo, na ziweke hapo chumba cha ubaridi, kabla ya mahindi ya Septemba kupandwa.