Novemba ndani ya Mkula: Raba nyeupe acha nyumbani!

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo. Tunaongelea kitu kinachovuruga sendofu, kinachonyima watu usingizi na kinachoamua nani atavuna mwakani... MVUA!

Kule Ulaya mwezi huu majani yanadondoka na watu wanatoa makoti kabatini. Sisi wa Kanda ya Ziwa mambo ni kinyume, majani ndiyo kwanza yanachipua. Ni vuli hiyo, mvua za Oktoba hadi Desemba. Jua limeshahamia kusini na ule ukanda wa mvua unaolifuata jua unapita juu ya vichwa vyetu.

Sasa wewe mshikaji uliyepo Mwanza, au wewe sista duu wa Bariadi, unapanga kwenda Mkula wikiendi. Ratiba ikoje? Sikiliza. Ziwa Viktoria lina tabia zake. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, mawingu yanajikusanya kule na radi zinapigana mpaka alfajiri. Wavuvi wa Ghuba ya Speke wanalijua hilo vizuri sana. Mchana mambo yanageuka. Nchi kavu inachemka, upepo wa ziwani unaingia ndani na kukutana na ule wa mashariki, na mawingu yanasimama kama milima. Ikifika saa tisa au saa kumi jioni, shughuli imeanza!

Kwa hiyo mambo ya maana maliza asubuhi. Kama ni kwenda sokoni, kumwona mgonjwa au kupanda gari la Lamadi, usingoje jioni. Kama kuna sendofu, kodi turubai hata kama anga ni jeupe kama shati la harusi. Na viatu jamani! Udongo mweusi wa mbuga ukishalowa haumjui mtoto wa mjini wala wa shamba. Raba nyeupe inaingia, inatoka soli peke yake. Gambuti haina aibu.

Halafu kuna hili la radi, hapa sitaki utani. Oktoba 2018, mjini Geita, radi iliua wanafunzi sita kwa siku moja wakiwa shuleni. Kanda ya Ziwa ni moja ya sehemu zenye radi nyingi Afrika, kwa hiyo kila kijana aijue hesabu hii. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Ukisikia ngurumo kabla hujafika thelathini, ingia ndani ya nyumba ya maana au ndani ya gari lililofungwa vioo. Chini ya mwembe si mahali pa kujificha, hata kama uliye naye ni mrembo kiasi gani! Uliyeko ziwani unaoga, toka. Na ukishaingia ndani, kaa mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho.

Na utabiri je? Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa kila siku, wa siku kumi na wa msimu mzima. Wengi wetu tunausikia redioni tukibadilisha stesheni kutafuta muziki. Acha hizo! Jua maneno matatu tu. Wakisema angalizo, kaa macho. Wakisema tahadhari, jiandae. Wakisema tahadhari kubwa, ahirisha safari. Na "mvua kubwa" kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Unaona ni kidogo? Kwenye paa la mita 10 kwa 6, milimita 50 ni lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200! Waliofunga mfereji kwenye bati wanacheka, wengine wanachota bwawani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Simiyu ni miongoni mwa mikoa vinara wa pamba nchini, na pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Ndiyo maana wiki hizi simu ya mama haipoi: "Mwanangu, hela ya kulimia vipi?" Na wewe uko kwenye foleni ya chipsi unasema, "Mama, nitatuma mwisho wa mwezi." Ndugu yangu, mbula haingoji mshahara! Ardhi ikishalowa vizuri, siku chache tu ndizo zinazotenganisha aliyepanda kwa wakati na aliyechelewa. Na mvua nazo hazilingani. Vuli ya 1997 na ya 2023 zilikuja na El Niño, mafuriko yakavuruga sehemu nyingi za nchi. Vuli ya 2022 ikabana mpaka Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa mgao.

Ushauri wangu ni huu. Tuma hela kabla ya mvua, hata kama ni nusu. Halafu mpigie mzee umsomee utabiri wa siku kumi, maana simu kubwa unayo wewe. Mvua ya kwanza ikinyesha siku moja na jua likarudi wiki nzima, mbegu inaota na kufa, na mbegu ni hela. Mzee anajua shamba lake na wewe unalo tangazo la TMA. Mkiyaweka pamoja, hapo mmepiga bao.

Haya, mwamvuli begani, gambuti mguuni! Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.