Ulimi Ulivyowakimbiza Watalii Phuket

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tarehe 5 Julai 2018, mashua ya Phoenix ilizama karibu na kisiwa cha Phuket, Thailand, na watalii 47 kutoka Uchina wakaangamia. Hata kabla ya maiti zote kuopolewa, Prawit Wongsuwan, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, alidai kwamba hayo yalikuwa mambo ya Wachina kuwatenda Wachina wenzao. Aliomba radhi baadaye, lakini maji yalikwisha kumwagika. Idadi ya Wachina ilishuka kwa miezi kadhaa, hata serikali ikalazimika mwezi wa Novemba kuwasamehe ada ya viza.

Wapo watakaodai kwamba kilichowatisha ni bahari wala si maneno. Bahari ilitisha, naam. Ila aliyefiwa hutarajia kupewa pole kwanza, lawama baadaye. Kufuta ada ni kumwona mgeni kama mkoba tu.

Mwaka wa 2019 Wachina walikaribia milioni 11, zaidi ya robo ya wageni wote wa Thailand. Baada ya janga la Uviko walifika takriban milioni 6.7 mwaka wa 2024. Kisha, Januari 2025, ikavuma habari ya mwigizaji Wang Xing, aliyelaghaiwa akapitishwa Thailand hadi Myanmar. Mwaka huo hawakufika hata milioni 5, ilhali nchi hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuondoleana viza tangu Machi 2024.